Fahamu: Filamu Kavu ya Eksirei Ina Ubora Gani, na Taka Zake Je?

Mkazi wa Amalemba akivunjika mkono, hospitali ya rufaa ya kaunti iko papo hapo mjini Kakamega. Picha yake ya eksirei ikichapishwa, huipata kwenye filamu ya plastiki yenye rangi ya samawati.

Zamani filamu hiyo ilisafishwa katika chumba cha giza, kwa maji mengi na kemikali kama haidrokwinoni. Maji machafu yaliyobaki yalibeba madini ya fedha, na kuyamwaga kwenye mtaro ni kuutia sumu mto.

Filamu kavu haihitaji maji wala chumba cha giza. Picha hutoka kwenye kompyuta na kuchapishwa kwa joto. Mashine za kidijitali zilienea katika hospitali za kaunti kuanzia 2015 kupitia MES, mpango wa serikali ya Kenya wa kukodisha vifaa vya hospitali.

Ubora? Kwa mfupa na kifua, unatosha kabisa. Picha za matiti zinahitaji printa yenye nukta nyingi zaidi, takriban 500 kwa inchi badala ya 300 hivi. Udhaifu wa filamu kavu ni joto: ukiiacha garini juani, huweza kuwa nyeusi.

Tena, kavu si safi. Mara nyingi bado ina fedha, na plastiki yake ni poliesta isiyooza. Vyote viwili vinaweza kurejelezwa, kwa hiyo usiichome nyuma ya nyumba. Daktari akishamaliza nayo, uliza hospitalini kama wanaipokea.