Usiitupe Kompyuta Kuukuu Kabla ya Kuangalia Diski



Watu wanatuuliza kila mara: "Mwalimu, mashine yetu imekufa, tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?" Jibu letu ni hili: subirini kidogo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta ya zamani mara nyingi haijafa, imekwama mahali pamoja tu, na mahali hapo panaweza kutafutwa hata na mwanafunzi. Na kama imekufa kweli, ndani yake bado mna diski, ambayo inaweza kuwa na vitu vya familia ambavyo huwezi kuvipata tena popote.

ANZA UKUTANI, UENDE NDANI

Usikimbilie bisibisi. Kwanza jaribu soketi kwa kuchomeka taa au chaja ya simu. Halafu angalia waya.

Nyuma ya kasha, pale waya wa umeme unapoingia, mashine nyingi za zamani zina kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Huku kwetu ni 220 hadi 240. Mashine ya msaada iliyotoka kule inaweza kufika ikiwa bado kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia "paa!" halafu moshi. Kisogeze kwenye 230 kabla ya kuchomeka.

Mashine inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi? Sikiliza. Ikipiga mlio "pii, pii" inakueleza shida yake, na mara nyingi ni ramu. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli utoke mwilini mwako. Toa ramu, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge. Kwa vumbi letu la kiangazi, dawa hii peke yake imefufua mashine nyingi.

Inawaka lakini kila asubuhi saa na tarehe vimerudi miaka ya nyuma kabisa? Betri ndogo imechoka. Ni bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Usidharau shida hii, maana betri ikiisha mashine nyingine kuukuu husahau hata kwamba ina diski. Weka betri mpya, washa, bonyeza Delete au F2 mara moja, rekebisha tarehe, kisha angalia kama jina la diski linaonekana.

Inazimika yenyewe ovyo? Fungua uangalie vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi, vinaitwa kapasita. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa maji ya kahawia, kimeharibika. Mashine za kati ya 1999 na 2007 zilipata sana ugonjwa huu kwa sababu kapasita mbovu zilienea viwandani. Fundi redio anaweza kubadilisha. Mwambie aweke yenye mikrofaradi zile zile, na volti zisipungue.

VITU VIWILI USIVIFUNGUE

Wazazi, hapa tusaidieni kuwasimamia watoto. Msifungue pawa saplai, wala skrini ya zamani yenye chogo. Ndani ya skrini hiyo umeme unaweza kupita volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

DISKI YA KARANI

Mwaka huu alikuja darasani mzee mmoja akiwa na kopo la maziwa. Ndani, amefunga kitu kwa kipande cha kitenge. Ni diski. Huyu mzee alikuwa karani wa shule ya sekondari kule nyumbani. Siku ya kukimbia hakuweza kubeba kompyuta, akafungua kasha, akatoa diski, akaiweka kwenye mfuko wa koti.

"Mwalimu," akasema, "humu mna pointi za watoto."

Diski ilikuwa ya aina ya zamani, ya waya mpana na pini 40 kasoro moja iliyozibwa. Tuliiunganisha na mashine kuukuu ya darasa, pamoja na diski ya mashine yenyewe. Mashine haikuona hata moja. Kumbe diski zote mbili zilikuwa zimepangwa kuwa za kwanza! Diski mbili kwenye waya mmoja lazima moja iwe ya kwanza na nyingine ya pili. Unapanga kwa kuhamisha kiplastiki kidogo kinachoitwa jampa, na mchoro wake mara nyingi uko kwenye lebo ya diski. Tulipohamisha, ikaonekana.

Hapo hatukufungua chochote. Tulinakili kila kitu kwanza, tukarudisha diski kwenye kopo, tukafanya kazi na nakala. Nanyi fanyeni hivyo. Na diski ikianza kupiga "tak, tak, tak", zima hapo hapo. Kila dakika ya kuendelea inaweza kuikwangua.

PROGRAMU INAYOJIFANYA MASHINE

Shida ikabaki moja. Pointi zilikuwa ndani ya programu ya zamani ya DOS, na Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za DOS. Dawa yake ni emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Tulitumia DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Ni ya bure, unaweza kuibeba kwenye flashi, na ukishaipata haihitaji intaneti.

Unaweka faili zako kwenye folda, tuseme SHULE (jina lisizidi herufi 8), unafungua DOSBox na kuandika:

mount c c:\shule

Kisha andika c: na uite programu yako kwa jina. Ikienda polepole sana, bonyeza Ctrl na F12. Ikikimbia mno, Ctrl na F11. Mausi ikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 inaiachia.

Majina yakatoka, darasa kwa darasa. Mzee alivaa miwani akanyamaza muda mrefu. DOSBox ya kawaida haiprinti, kwa hiyo tulinakili kwa mkono kwenye daftari, yeye anasoma, sisi tunaandika. Tulikubaliana kwamba pointi za mtu anaonyeshwa mwenyewe tu.

Mmoja wao anaishi hapa hapa kambini, leo ni mama wa watoto watatu. Alikimbia akiwa wa tatu sekondari, na tangu hapo hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alisoma. Ukurasa ule wa daftari si cheti, tulimweleza wazi. Lakini alipoupeleka kwa walimu wa masomo ya watu wazima, walijua wamjaribu kwa mtihani wa ngazi gani, badala ya kumrudisha mwanzo. Sasa anasoma jioni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama nyumbani kuna diski, flopi au kompyuta iliyonyamaza, iwekeni pakavu, mbali na jiko, na watoto wasiifungue. Ileteni darasani Jumamosi asubuhi tuiangalie pamoja. Nasi tukishindwa tutawaambia ukweli, na diski yenu mtarudi nayo.

Hadi toleo lijalo, kaeni kwa amani.