Kwa nini njiti aliyevimba tumbo hutolewa damu?



Katika mikutano ya afya kwenye zoni, swali moja linarudi kila mara. Mtoto amezaliwa njiti, amelazwa wodi ya watoto wachanga, tumbo limevimba. Ugonjwa uko tumboni, basi kwa nini wauguzi wamtoe damu, tena leo na kesho yake? Wengine wanasema damu hiyo inauzwa. Wengine wanasema mtoto anapimwa UKIMWI kwa siri. Maneno ya namna hii humfanya baba amchukue mtoto wodini usiku na kumrudisha nyumbani, na hapo ndipo mtoto hupotea. Tumeona vema tueleze damu hiyo inakwenda wapi.

Ugonjwa unaotafutwa madaktari huuita kwa kifupi NEC. Ni utumbo kuvimba, halafu sehemu yake kufa na pengine kutoboka. Huwapata hasa njiti, zaidi wale waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1500. Utumbo wao haujakomaa, na vijidudu vinaweza kupenya ukuta wake. Kwa njiti wadogo sana ugonjwa huu hupenda kuja wiki ya pili au ya tatu, wakati mama amekwisha kutuliza moyo akiona mtoto anaongezeka. Mtoto aliyetimiza miezi tisa naye anaweza kuupata, lakini ni mara chache, na mara nyingi ni yule aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo au aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Mtoto hukataa maziwa, au maziwa aliyopewa kwa mpira hubaki tumboni. Tumbo hujaa, huwa gumu na ngozi yake hung'aa. Hutapika rangi ya kijani. Choo huwa na damu. Hulegea, hupoa mwili, na wakati mwingine huacha kupumua kwa muda. Shida ni kwamba kulegea, kupoa na kukataa maziwa ni dalili pia za vijidudu kuingia katika damu, na njiti hana njia ya kusema panapouma. Ndiyo sababu ya kupima damu.

Kwanza huhesabiwa chembe za damu. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Zikipanda sana kuna vita, na zikishuka sana huenda askari wanakwisha, jambo ambalo ni baya zaidi. Halafu kuna chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Kwa kawaida mtoto huwa na zaidi ya 150,000 katika tone dogo kabisa la damu, yaani mikrolita moja. Utumbo unapooza, chembe hizi hutumika ovyo na hesabu hushuka. Daktari akiona zinashuka haraka, hujua ugonjwa unazidi, hata kama tumbo kwa nje linaonekana vilevile.

Kipimo kingine ni cha protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza mwili unapopambana na uvimbe au vijidudu. Haipandi papo hapo, bali huchukua kama saa 12 hadi 24. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaweza kuonyesha hali nzuri huku ugonjwa umeanza. Hapa ndipo penye jibu la wale wanaouliza mbona wametoa jana na leo wanatoa tena. Hupimwa pia asidi katika damu na chumvi, na damu nyingine huoteshwa maabara kuona ni kijidudu gani na dawa gani inakiua. Si kila hospitali ina vipimo vyote hivi. Kipimo cha UKIMWI ni kingine, na mzazi anapaswa kuelezwa kabla hakijafanywa.

Lakini tuseme ukweli: hakuna kipimo cha damu ambacho peke yake kinasema huyu ana NEC. Watafiti wamejaribu kupima protini inayovuja kutoka utumbo ulioumia, ila hiyo haijawa kazi ya kila siku ya hospitali. Kinachoonyesha zaidi ni picha ya eksirei, ambapo daktari hutafuta hewa ndani ya ukuta wa utumbo, au hewa iliyotoka nje yake, yaani utumbo umetoboka. Tangu mwaka 1978, daktari Bell na wenzake wa Marekani walipogawa ugonjwa huu katika hatua tatu, dalili na eksirei ndizo msingi. Damu husaidia kujua mtoto anapona au anazama.

Sasa habari ya kuuza damu. Mtoto wa kilo moja ana damu kama mililita 80 hadi 100 tu. Kipimo kimoja huchukua nusu mililita hadi moja, na kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Mfuko wa kumwongezea mtu mzima damu huwa na kama mililita 450. Nani atauza hiyo moja? Hata hivyo wasiwasi wa wazazi una haki yake, kwa kuwa njiti akitolewa mara nyingi damu hupungua, na wengine huhitaji kuongezewa. Kwa hiyo mama ana haki ya kuuliza kila mara: mnapima nini, na kile cha jana kilisemaje? Nasi tunawaomba wauguzi wamweleze mama kabla ya kumchoma mtoto, si baada.

Mtoto akishukiwa, maziwa husimamishwa, mara nyingi siku 7 hadi 14. Hupewa maji ya mshipa na dawa za kuua vijidudu, na tumbo hutolewa hewa kwa mpira. Wengi hupona bila kupasuliwa. Akina bibi, tafadhali msimpe maziwa kwa kificho mkidhani ananyimwa chakula. Mama aendelee kukamua ili maziwa yasikauke, maana ndiyo kinga kubwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990, juu ya njiti 926, ulikuta ugonjwa huu mara 6 hadi 10 zaidi kwa waliolishwa maziwa ya kopo peke yake kuliko waliopata ya mama peke yake.

Kwa walioko nyumbani: mtoto mchanga aliyetapika kijani, au aliyevimba tumbo na kutoa choo cha damu, apelekwe hospitali ya kambi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asipewe dawa ya mitishamba wala kupigwa bomba. Mkeshaji wa zoni na mjumbe wa afya waamshwe wasaidie kutafuta gari.