Nyumba ikishaungua: nini kiokolewe, nini kiachwe

Usiku mmoja katika mji wa Madina nyumba iliungua na wenyewe wakiwa ndani. Habari ilipomfikia Mtume Muhammad (SAW), alieleza kuwa moto ni adui wa wanadamu, akaagiza watu wauzime kila wanapokwenda kulala. Riwaya hiyo ya Abu Musa al-Ash'ari (RA) imo katika Sahihi ya Bukhari na katika Sahihi ya Muslim. Ipo na nyingine, ya Jabir (RA), inayotahadharisha kwamba panya huweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba. Wengi wetu huzisoma habari hizi kama mambo ya zama za taa za mafuta. Panya wa leo hatafuti utambi. Anatafuna waya wa umeme juu ya dari, na matokeo ni yale yale.

Tutarudi kwenye tahadhari. Tunaanza na upande mwingine, kwa kuwa ndio unaowaleta watu kwenye ofisi ya msikiti baada ya sala ya alfajiri, nguo zikinuka moshi na macho yakiwa mekundu. Kwa miaka tuliyotumikia katika kamati, tumeona kuwa familia iliyounguliwa huishi siku mbili za mwanzo katika mshtuko, na katika siku hizo mbili hutupa mali ambayo ingeokolewa na kuhifadhi vitu ambavyo vitawadhuru. Majirani wenye nia njema huongeza haraka hiyo. Wanataka kufagia, wanataka uwanja uwe safi kabla ya adhuhuri, kana kwamba uchafu ndio msiba wenyewe.

Msiingie ndani mpaka Zimamoto waseme panaingilika. Mbao za paa zilizoungua hushikilia bati kwa muda, kisha huachia bila kutoa ishara, na kaa lililojificha chini ya godoro huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Umeme ukatwe na fundi, hata kama taa zimezimika zenyewe. Kabla ya kusogeza chochote, mtu mmoja apige picha kila chumba kwa simu, kona hadi kona. Picha hizo zitahitajika kwa mwenye nyumba, kwa polisi, na kwa shirika la bima au takafuli kama familia ina mkataba.

Kisha awepo mtu mmoja mwenye daftari. Moto unapowaka vijana hutoa vyombo nje na kuvisambaza: televisheni kwa jirani wa kulia, cherehani kwa mwenye duka, mabegi mawili hakuna anayejua yako wapi. Vitu hivyo havina hukumu ya kitu kilichookotwa, maana mwenyewe anajulikana na yupo. Ni amana mikononi mwa aliyevibeba, na asivirudishe kwa kusubiri kuulizwa. Tuliseme hili waziwazi kwa kuwa linatokea, na linawauma waliounguliwa kuliko hasara yenyewe.

Sasa vitu vyenyewe. Nguo huonekana kuwa zimekwisha kwa sababu ni nyeusi na zinanuka, lakini nguo nyingi za pamba ambazo hazikuguswa na ndimi za moto huokoka. Kosa kubwa ni kuziloweka mara moja na kuanza kufikicha. Masizi yana mafuta ndani yake. Yakipata maji na kusuguliwa huzama katika nyuzi na hayatoki tena. Zikung'utwe kwanza nje, upande wa upepo, na anayekung'uta ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Ndipo zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe, zifuliwe tena, na zianikwe juani kwa siku kadhaa. Pasi isiziguse mpaka harufu iishe, kwani joto huigandisha harufu ndani ya kitambaa. Siki kidogo katika maji ya kusuuza husaidia, ila siki na jiki zisikutane katika ndoo moja kwa hali yoyote. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na mama anayefua chooni au kwenye korido isiyo na dirisha ndiye atakayeivuta.

Sufuria, vijiko, sahani za udongo mgumu na bilauri huoshwa zikatumika. Vyombo vya chuma vipanguswe mapema, ndani ya siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu masizi yakiachwa huvila. Ndoo na vyombo vya plastiki vilivyofukizwa moshi havifai tena kuwekea chakula. Samani za mbao zikaushwe kivulini penye upepo. Zikipigwa na jua kali zikiwa zimelowa hupinda. Kuta zioshwe kuanzia chini kwenda juu, ingawa desturi yetu ni kinyume chake, kwa kuwa maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu wenye masizi huacha michirizi isiyofutika.

Vipo vitu vya kuachwa, na hapa ndipo huruma inapowapotosha watu. Godoro la sponji lililovuta moshi halisafishiki, hata likianikwa mwezi mzima. Mtoto atalala juu ya sumu ile ile iliyoujaza usiku wa moto. Unga, mchele, viungo, maziwa ya kopo, dawa za hospitali na vipodozi vilivyokuwa ndani ya joto au moshi vitupwe vyote. Tunajua uzito wa kumwambia mama aliyebakiwa na debe moja la mchele alimwage. Basi jirani anayemwambia hivyo aje na mchele mwingine mkononi. Mtungi wa gesi uliopitiwa na moto usitumike tena, hata kama unaonekana mzima. Urudishwe kwa wakala. Redio, friji na televisheni zisiwashwe kwa kujaribu tu kabla fundi hajazifungua.

Majivu nayo yasitupwe kwa haraka. Dhahabu safi huyeyuka katika joto la nyuzi 1064 za Selsiasi, na ile iliyochanganywa huyeyuka mapema kidogo. Ama iwe mkufu ama iwe donge, haiteketei. Tunamkumbuka mjane mmoja jirani na msikiti ambaye majivu ya chumba chake yalikuwa yameshapakiwa kwenye guta yakamwagwe. Wanafunzi wa madrasa waliyashusha, wakayachekecha kwa chekecheo la unga, na kabla ya alasiri bangili mbili na kipande kimoja kisicho na umbo vilikuwa juu ya mkeka. Vilikuwa mahari yake. Mahari ni mali ya mke, na kinachopatikana katika majivu hubaki kuwa chake. Shemeji wala mkwe hana idhini ya kukiuza ili kununulia bati mpaka yeye mwenyewe aridhie. Noti zilizoungua upande nazo zisitupwe. Ziwekwe bapa katika bahasha bila kukunjwa na zipelekwe benki kuulizia utaratibu wa kubadilishiwa noti zilizoharibika.

Picha za familia zilizolowa na kugandana zisibanduliwe kavukavu. Zilowekwe katika beseni la maji safi mpaka ziachane zenyewe, kisha zikaushwe zikitazama juu. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, hati ya kiwanja na vitambulisho, vilivyoteketea hurejeshwa kwa kuanzia polisi na taarifa ya upotevu, kisha kwa kila mamlaka iliyovitoa. Ni safari ndefu kwa mtu asiye na nauli, na mara nyingi msaada ulio bora ni kijana mmoja anayejua kujaza fomu kumsindikiza.

Misahafu iliyoungua nusu huwatia watu hofu, na tumeulizwa mara nyingi. Wanazuoni wametaja njia mbili kwa msahafu usiosomeka tena: kuuzika mahali safi pasipokanyagwa, au kuuchoma kabisa na kuyahifadhi majivu yake kwa heshima, wakitegemea kitendo cha Khalifa Uthman (RA) aliyeagiza nakala nyingine zichomwe baada ya msahafu kuandikwa upya. Kisichofaa ni kuuacha katika lundo la takataka, au kuuweka juu ya kabati mwaka mzima kwa woga. Uliolowa tu unaweza kupona: tandikeni karatasi kavu zisizo na wino kila baada ya kurasa chache, mzibadilishe zinapolowa, na mfanye hivyo siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa pwani yetu kuvu huanza ndani ya siku moja au mbili.

Tuseme neno kuhusu misaada. Yapo mafundisho yaliyopokewa na Muslim kutoka kwa Qabisa (RA), kwamba miongoni mwa wachache walioruhusiwa kuomba ni yule ambaye janga limeangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha. Hivyo aliyeunguliwa asione haya kufika msikitini. Nasi tunaotoa tuitazame ile sehemu ya mwisho: mpaka apate cha kumsimamisha. Siku ya kwanza huja marobota ya nguo za mitumba kiasi cha kukosa pa kuyaweka, huja pilau, huja watu. Wiki ya tatu haji mtu, na hapo ndipo kodi ya chumba kipya inapodaiwa, sare za shule zinapohitajika, na fundi cherehani anapokaa bila cherehani. Kwa maoni yetu, aliyenuia kutoa shilingi elfu thelathini angetoa kumi leo na ishirini mwezi ujao. Watoto nao wasisahauliwe. Anayekataa kulala gizani, au anayeshtuka akisikia harufu ya ubani, si mtundu. Anahitaji kukaliwa karibu.

Na sasa ile amri ya kuzima kabla ya kulala. Familia iifanye kuwa mzunguko wa kila usiku baada ya isha, na apewe mtu mmoja kwa jina, hata kijana wa miaka kumi na mitatu. Afunge koki ya mtungi wa gesi yenyewe, kwa kuwa kuzima jiko peke yake hakutoshi. Achomoe pasi na chaja. Simu isilale chini ya mto ikichajiwa. Chetezo cha udi kitolewe sebuleni na makaa yamwagiwe maji. Dawa ya mbu ya kuchoma ikae juu ya sahani ya bati, mbali na chandarua, maana chandarua hushika moto kwa kasi ya kutisha. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata siku ya mvua. Hewa yake haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala bila hata moto kuwaka. Mwezi wa Ramadhani mzunguko huu ufanywe mara mbili, kwani mpishi wa daku ni mtu aliyechoka, naye hukaa chini kidogo akapitiwa na usingizi mafuta yakiwa jikoni.

Mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji. Zimeni jiko kama pana njia, funikeni karai kwa mfuniko au sinia, mliache lilivyo mpaka lipoe. Mkinusa gesi, msiguse swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima. Fungeni koki, fungueni milango na madirisha, tokeni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo mtoto aliyelala kwenye mkeka huifikia kabla ya mtu mzima aliyesimama. Mpira wa mtungi upakwe povu la sabuni kila mara mtungi unapobadilishwa. Povu likitoa mapovu mapya, unavuja. Namba ya Zimamoto ni 114, nayo iandikwe mlangoni, si kwenye simu pekee.

Limebaki suala la nondo. Tumeziweka madirishani kwa sababu ya wezi, na mlango wa mbele tunaufunga kwa kufuli kutokea ndani. Nyumba yenye familia iwe na angalau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na hufunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea hulifanya kwa nusu siku. Na ufunguo wa kufuli la mlango uning'inizwe kila usiku kwenye msumari ule ule, karibu na mlango, kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la pili ataufikia gizani bila kupanda kiti.