Joto Si Jotoridi: Fizikia ya Pale Feri

Nenda soko la samaki Magogoni, pale Feri, mchana wa Januari. Kila mtu analalamikia joto. Muuza samaki anasema joto litamharibia mali. Anayekaanga samaki anasema joto la karai linamuua. Abiria wanaosubiri kivuko cha Kigamboni ndiyo usiseme. Neno ni lile lile moja, lakini mambo yanayozungumzwa si mamoja.

Kwetu sisi tunaosomea ualimu, hapo ndipo kazi ilipo. Mtoto anamaliza shule ya msingi akiwa na neno moja tu, "joto". Akifika sekondari anafundishwa kwa Kiingereza, na fizikia inamdai maneno mawili. Akiuliza Kiswahili chake, mara nyingi anajibiwa kuwa yote mawili ni joto. Basi anakariri, anajaza karatasi ya mtihani, maisha yanaendelea. Kuelewa hakuna.

Kiswahili hakina upungufu hapo. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Jotoridi, au halijoto kama wasemavyo watangazaji wa hali ya hewa, ni kipimo cha ukali wa umoto wa kitu. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo sana zinazochezacheza. Zikicheza kwa nguvu zaidi, jotoridi limepanda. Joto tunalihesabu kwa jouli, jotoridi kwa nyuzi.

Tukae hapo hapo Feri. Cheche inaporuka kutoka kwenye jiko la mkaa, jotoridi lake ni mamia ya nyuzi. Ikikudondokea mkononi unashtuka, unaipangusa, unaendelea na stori. Sasa fikiria sufuria ya maji yanayochemka, nyuzi 100 tu, ikikumwagikia. Hiyo ni hospitali. Cheche ina jotoridi kubwa, lakini ni kitu kidogo mno, kwa hiyo joto linaloweza kuhamia kwako ni kidogo. Maji yana jotoridi dogo kuliko cheche, lakini ni mengi na yamebeba joto jingi.

Mfano wa pili ni wa barafu. Kwa nini mchuuzi anunue barafu ya kuweka kwenye deli, wakati angeweza kutumia maji ya baridi kali? Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200 hivi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji jouli 334,000 hivi. Hilo ni joto la kutosha kuyapandisha maji yale yale kutoka nyuzi sifuri hadi karibu nyuzi 80! Na muda wote barafu inapoyeyuka, jotoridi lake linabaki sifuri. Yaani barafu inameza joto la samaki, la deli na la hewa ya Dar, na kipimajoto hakionyeshi mabadiliko. Joto linaingia, jotoridi halipandi. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatachanganya tena maneno haya mawili.

Sasa, jotoridi tunalipimaje? Mkono hauaminiki. Gusa meza ya ubao iliyokaa kivulini, kisha gusa chuma kilicho pembeni yake. Chuma kitaonekana cha baridi zaidi, ingawa vyote vimekaa pale tangu asubuhi na vina jotoridi moja. Chuma kinanyonya joto la kidole haraka kuliko ubao. Kidole chako kinapima kasi ya joto kuondoka, hakipimi jotoridi.

Ndiyo maana tunatafuta kitu kinachobadilika kwa utaratibu jotoridi linapobadilika. Zebaki hutanuka, ikapanda kwenye kijibomba chembamba cha kioo. Spiriti yenye rangi hufanya hivyo pia, na inafaa zaidi kwenye baridi kali, maana zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Vipimajoto vya kidijitali vinatumia kifaa ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika na jotoridi. Na kile kibastola tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona kinasoma mionzi inayotoka kwenye ngozi bila kugusa.

Kipimajoto kinahitaji pia alama za kuanzia. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden alichagua mbili, maji yanapoganda na yanapochemka, akagawa nafasi ya katikati mara 100. Ajabu ni kwamba yeye aliweka sifuri kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Waliofuata ndio waliogeuza. Wanasayansi hutumia pia kipimo cha Kelvin, ambacho sifuri yake ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Celsius. Chini ya hapo hakuna kushuka tena.

Na mahali unapoweka kipimajoto pana maana kubwa. Vituo vya hali ya hewa huweka vipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya ardhi, mbali na jua la moja kwa moja. Kwa hiyo ukisikia Dar ni nyuzi 32, hiyo ni hewa ya kivulini. Lami ya Kariakoo saa nane mchana ni habari nyingine kabisa. Halafu kuna unyevu wa pwani: jasho halikauki haraka, na jasho lisipokauka haliondoki na joto la mwili. Nyuzi ni zile zile, mateso yameongezeka.

Suala la mahali pa kuweka kipimajoto linatuleta kwa Mtanzania maarufu kuliko wote katika somo hili, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, aliweka maziwa ya askrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akataniwa. Hakunyamaza. Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule yao, Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliocheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Je, ni kweli? Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionyesha kuwa ukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya chombo, matokeo yanaweza kubadilika, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayana jotoridi moja. Wengine bado wanatafuta maelezo.

Kwangu mimi, hata Mpemba angekuwa amekosea, mwalimu wake bado alikosea zaidi. Alikuwa na friza, maziwa na mwanafunzi mwenye swali. Alichopungukiwa ni saa moja na nusu ya subira. Wengi wetu tutapangiwa shule za mazoezi zisizo na maabara ya maana. Lakini barafu ipo, jiko la mkaa lipo, na kipimajoto kimoja hakiwezi kukosekana. Mtoto akiuliza swali la ajabu, mpe kipimajoto apime.