Je, Wajua? Mvua Haifuti Kadi Nyekundu

Tuseme mvua inavunja mechi mjini Minjila dakika ya 60, lango limejaa maji. Kadi zinaenda wapi? Sheria ya 7 ya soka inataka mechi irudiwe, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine. Ikirudiwa kuanzia mwanzo, kanuni za nidhamu za FIFA hufuta kadi za njano. Nyekundu haifutwi: aliyetolewa hukosa mechi inayofuata.

Ikiendelezwa kuanzia dakika ya 60, kama zinavyotaka kanuni za Kombe la Dunia, basi mabao ni yaleyale, na waliobaki kumi wanarudi kumi. Kwa hiyo, refa, linda daftari lako la kadi lisilowe: jina, namba ya jezi, dakika. Na makocha, someni kanuni za ligi yenu kabla msimu haujaanza.