Mlima Huu Haupigiwi Msuli

Mwezi wa 9 mwaka jana, saa tisa hivi usiku, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe jirani na Pango la Hans Meyer, mita elfu tano na ushee kutoka usawa wa bahari, nimevaa suruali tatu na soksi mikononi kwa sababu glovu zangu za kuazima zilikuwa zimelowa. Mwongozaji wetu, mzee wa Marangu, alinimulika usoni akaniuliza, "Mwanangu, leo siku gani?" Nilifikiri sana. Nikamjibu, "Tumeshapita?" Hakucheka. Aliniambia nisimame, nitembee hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama watoto wanavyotembea juu ya mstari. Hatua ya tatu nikayumba, akanidaka.

"Basi. Wewe unashuka."

Nilibisha, kwa kweli nilibisha sana. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kila asubuhi kuzunguka viwanja vya chuo tangu mwaka wa kwanza. Siku zote tatu za mwanzo mimi ndiye niliyefika kambini wa kwanza, nikakaa nje kwa mbwembwe nikiwasubiri wenzangu sita. Na dada mmoja wa mwaka wa pili, ambaye kila siku alifika wa mwisho na tulimtania hadi tukachoka, ndiye aliyepiga picha kwenye kibao cha Kilele cha Uhuru jua linachomoza. Mimi wakati huo nilikuwa Kibo, nimefunikwa mablanketi, msaidizi wa mwongozaji akinibembeleza ninywe chai ya tangawizi kabla hatujaendelea kushuka.

Nimetaniwa vya kutosha, kwa hiyo hilo liishe hapa. Ninachotaka kueleza ni kwa nini ilitokea hivyo, maana kila mwaka hapa chuoni kuna kundi linalochanga bumu lipande Kilimanjaro, na kila kundi, likiona bajeti haitoshi, linapunguza kitu kilekile tulichopunguza sisi, yaani siku.

Watu husema kule juu hakuna oksijeni. Ipo. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na hewa ya Kigamboni. Kinachopungua ni mgandamizo. Hapa chini tumebeba uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na uzito huo unaibana hewa tunayovuta, inaingia kifuani ikiwa imeshonana. Ukipanda, unaiacha sehemu ya uzito huo chini yako. Ukifika mita 5,895, mgandamizo umebaki karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo unavuta pumzi ileile, kifua kinajaa vilevile, lakini oksijeni iliyomo ni nusu. Ni kama kununua gunia la mkaa ukakuta nusu yake ni majani. Gunia ni lilelile ila moto hautakuwa uleule.

Mwili haukai kimya. Jambo la kwanza unalofanya ni kupumua haraka na kwa kina zaidi, hata ukiwa umelala. Hapo linazuka tatizo la pili, ambalo mimi sikulijua kabisa. Ukipumua sana unatoa pia kabonidayoksaidi nyingi, na kabonidayoksaidi ndiyo inayoifanya damu iwe na uasidi wake wa kawaida. Ikitoka kupita kiasi, damu inapoteza uasidi, na ubongo ukiona hivyo unaamuru upunguze kupumua. Yaani mwili unakanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Ndiyo maana usiku kule Horombo nilimsikia jirani yangu anapumua kwa nguvu, halafu kimya sekunde kadhaa mpaka nikataka kumtikisa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama aliyeibuka kutoka kwenye maji. Hakuwa anakufa. Ni breki tu ilikuwa imekanyagwa.

Wanaoiachia hiyo breki ni figo. Zinachuja bikaboneti kutoka kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, uasidi unarudi, na ubongo unaruhusu upumue unavyohitaji. Ndiyo maana mlimani unakojoa mara kwa mara, tena usiku wa baridi, na waongozaji wanakusisitizia maji kuliko mama mkwe anavyosisitiza chakula. Ila figo hazina haraka. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kuongeza seli nyekundu za damu ndiyo kabisa, ni suala la wiki.

Sasa hapa ndipo ujanja wetu wa chuo unapogonga mwamba. Sisi tumezoea kupiga msuli. Mhadhara wa wiki 15 unaweza kuumeza usiku mmoja wa kuamkia UE, ukatoka na B yako, ukasahau yote Jumatatu. Figo hazipigi msuli. Huwezi kuziambia leo zimalize kazi ya siku nne.

Wataalamu wa afya ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale kila usiku juu zaidi ya mita 500 hivi kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kimo cha kulala. Linganisha na ratiba yetu ya siku tano kwa njia ya Marangu. Geti liko karibu mita 1,900. Usiku wa kwanza Mandara, kama mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,700 na kidogo. Wa tatu Kibo, mita 4,700. Na huko Kibo hulali usingizi wa maana, saa sita usiku unaamshwa uanze kupanda mita nyingine karibu 1,200. Kila siku mita elfu moja! Hata ingekuwa ratiba ya vipindi vya shule, mkaguzi angeichana.

Ratiba ya siku sita inatofautiana na hiyo kwa kitu kimoja tu: unalala Horombo mara mbili. Ile siku ya katikati mnatembea taratibu kuelekea Mawenzi, mnafika kwenye Mawe ya Pundamilia, miamba yenye michirizi myeupe na meusi karibu mita 4,000, halafu mnarudi kulala palepale. Panda juu, lala chini, ndiyo kanuni yenyewe. Kwenye kikao chetu cha bajeti siku hiyo tuliiita "siku ya kukaa bure", tukaikata kwa kura. Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza.

Na ukakamavu? Unasaidia miguu, na unasaidia sana wakati wa kushuka, ambapo magoti yanalia. Ila dhidi ya ugonjwa wa kimo haukulindi. Mara nyingine ndio unaokuponza, kwa sababu mwenye pumzi nzuri anakwenda mbio, anafika mapema, anadharau "pole pole" ya mwongozaji akidhani ni maneno ya kufurahisha wazungu. Mwaka 2014 Karl Egloff alipanda na kushuka mlima huu kwa saa 6 na dakika 42, na watu humtolea mfano. Huyo ni mtu wa Quito, mji ulio juu ya mita 2,800, na anaishi kwa kukimbia milimani. Sisi tunaotoka Dar, ambako mlima mrefu ni ngazi za hosteli, tusijifananishe naye.

Kuhusu yule dada, sitadanganya kwamba alishinda kwa hekima peke yake. Mwendo wake wa pole pole ulimsaidia, na alikunywa maji kweli. Lakini miili hutofautiana pia kwa maumbile. Wapo ambao upumuaji wao huitikia upesi upungufu wa oksijeni, wapo ambao huchelewa, na huwezi kujijua upo kundi gani ukiwa hapa chini. Ratiba fupi ilikuwa kamari. Yeye alipata, mimi nikakosa, na wenzetu wawili waliishia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, wakitapika kwa zamu.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa upole: kichwa kinagonga, chakula kinakinai, unachoka bila sababu, kizunguzungu. Ukifika hapo, hupandi tena mpaka dalili ziishe. Wengi huishia hapo na kesho yake wako sawa. Hatari ni pale unapoficha. Mimi nilianza kuumwa kichwa tangu tunavuka ile nyika kavu kati ya Mawenzi na Kibo, na kila nilipoulizwa nikajibu "niko fresh". Nilijua nikisema kweli nitaambiwa nibaki. Ubongo ukianza kuvimba, mtu anachanganyikiwa na kuyumba kama mlevi, na ndiyo maana ya lile swali la siku na ule mtihani wa mstari. Mapafu yakianza kujaa maji, mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, na mwisho hutoa povu lenye rangi ya waridi. Hali hizi mbili zinaua, na zinaweza kuua ndani ya saa chache. Dawa ya kwanza ni kushuka, usiku uleule, si kesho asubuhi. Nilishushwa hadi Horombo, na kufika mchana nilikuwa nakula wali. Ni jambo la ajabu jinsi mita elfu moja zinavyotosha.

Kuna vidonge vya acetazolamide, ambavyo kwa lugha rahisi vinazisukuma figo zimwage bikaboneti mapema. Vinasaidia, lakini si vya kugawana kama panadol chumbani. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na ukimuona daktari, kuna swali jingine la kumuuliza ambalo miongozo ya watalii haiwakazii sana wageni na linatuhusu sisi hasa: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande. Hata mwenye kubeba kinasaba kimoja tu, ambaye hapa chini anacheza mpira bila shida, anaweza kuumia bandama kule juu oksijeni ikipungua. Wengi wetu hatujawahi kupima. Kipimo ni cha damu tu.

Baada ya vitisho vyote hivi utauliza, basi ya nini? Kwanza kwa sababu ndani ya siku mbili tatu unatoka kwenye msitu wenye mbega na ukungu, unapita nyasi na ile miti ya senecio inayofanana na mananasi yaliyopandwa kwenye nguzo, unaingia jangwa lisilo na hata nzi, na mwisho ni barafu. Dada yetu anasema barafu ile kwa karibu ni ya bluu, si nyeupe. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 limeshaondoka, na kilichobaki kinaendelea kupungua. Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliposema ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa London walimbeza. Wanafunzi nitakaowafundisha jiografia huenda watakuja kunibeza kwa kusema ilikuwepo.

Pili, kule ndiko Alexander Nyirenda alikosimamisha mwenge na bendera usiku wa uhuru, Desemba 1961. Hilo tumelikariri tangu darasa la nne. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Nikakohoa.

Fedha, basi. Raia wa Afrika Mashariki analipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya dola anazolipa mgeni. Kinachobaki kula hela ni mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni lazima kisheria, wapagazi, mpishi na chakula. Hapo msikate. Mpagazi haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na kundi linalopunguza wapagazi ili kuokoa hela linawavunja watu mgongo. Pa kubana ni vifaa: jaketi, begi la kulalia, buti, tochi ya kichwani, vyote vinakodishwa Moshi, hakuna haja ya kununua. Nauli mnaweza kubana. Hata picha za mtaalamu mnaweza kuacha. Hesabu ikigoma na siku ya sita haimo, mimi naona bora msubiri mwaka mwingine, au mwende Meru, mita 4,562, ambayo si ya kudharau.

Hans Meyer mwenyewe, ambaye pango niliposhindwa lina jina lake, alirudi njiani mwaka 1887. Alifika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Mimi nimefungua kibubu cha pili. Hadi wiki jana kina laki na themanini, na yule dada amesema safari hii atakuja tena kama nitakubali kutembea nyuma yake.