Kanna: jani lenye jina la pofu

Mla miraa anajua kwamba siku mbili tatu zikipita, kitita hakina maana tena. Wazee wa Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, nao wana mmea wao wa kutafuna, ila hawautaki mbichi. Huuponda mzimamzima na mizizi yake, wakautia mfukoni (zamani wa ngozi, siku hizi wa plastiki), wakauacha juani kama siku nane uchachuke, ndipo wauanike. Kipande kidogo shavuni hupoza njaa na kiu, na moyo uliosinyaa huchangamka.

Wakhoikhoi waliuita kanna. Neno hilohilo ndilo jina la pofu, mnyama ambaye kwa jirani zao Wasan hakuwa kitoweo tu, kwani walimpa heshima katika michoro ya miambani na katika ngoma zao. Mwaka 1685 Simon van der Stel, mkuu wa koloni la Waholanzi huko Rasi ya Tumaini Jema, alikwenda Namaqualand kutafuta shaba. Msafara wake uliuona mmea huo, ukauandika na kuuchora.

Walowezi wakauita kougoed, yaani kitu cha kutafuna. Wao waliona mdomo tu. Baadaye wataalamu wa mimea wakaupa jina la Kilatini, Sceletium, lenye maana ya mifupa mitupu. Jina la kutisha kwa dawa ya furaha! Lakini uutazame wakati wa ukame: majani ya zamani yamekauka yakayafunika machanga, nyama yote imekwisha, imebaki mishipa imesimama kama miba ya samaki aliyeliwa. Hapo utawasamehe. Hata hivyo, kwangu mimi jina la pofu ndilo lenye adabu.

Nguvu yake inatokana na mesembrini na wenzake, kemikali zinazoifanya serotonini ikawie zaidi kati ya chembe za neva. Dawa nyingi za hospitali za sonona hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo anayezimeza asichanganye na kanna kabla ya kumuuliza daktari.

Leo unga wake unauzwa ng'ambo. Mwaka 2008 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitia saini mkataba na Baraza la Wasan wa kugawana mapato, na vijiji vya Paulshoek na Nourivier, vilivyotunza ujuzi huu, vikapata fungu lao.